Maiti Ukutani

Imezuka desturi katika nyumba za wenye nafasi kidogo, nasi walimu tumo: picha kubwa ya kipepeo, yenye fremu ya rangi ya dhahabu, hutundikwa sebuleni juu ya makochi. Hatuna ugomvi na kipepeo. Ugomvi wetu ni na picha.

Itazameni vema, ndugu walimu. Mbawa za mbele zimevutwa juu hata ukingo wake wa nyuma umenyooka kama rula, vipapasio vimepangwa sawasawa, wala hapana jani wala ua chini yake. Kipepeo hai hakai hivyo. Akitua huzifunga mbawa juu ya mgongo, au huzitandaza zikiinamia nyuma. Mkao ule ni kazi ya mkusanyaji: mdudu amekwisha kufa, akachomwa pini kifuani, mbawa zikanyooshwa juu ya ubao na kubanwa kwa vipande vya karatasi mpaka zikakauka. Basi tunachokitundika ni maiti, kisha twawaambia watoto, "Elezeni jinsi kipepeo anavyoruka," nasi twashangaa insha zao hazina uhai!

Tena maiti mwenyewe ni mgeni. Yule wa buluu inayong'aa, apendwaye kuliko wote, ni Morpho wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Tutaambiwa uzuri hauna uraia. Ni kweli, wala hatudai afukuzwe. Lakini hapa Uganda pana aina za vipepeo zaidi ya 1,200, na katika misitu yetu ya magharibi, kama katika ile ya jirani zetu wa Kongo, huruka Papilio antimachus, mkubwa kuliko wote wa Afrika, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa zaweza kufika sentimita 20 na zaidi. Dru Drury wa London alimweleza kitabuni mwaka 1782. Katika sebule tulizokaribishwa hatujaiona picha yake hata moja.

Wako wanaojitetea kwamba picha za kwetu haziuzwi madukani. Nani kasema lazima zitoke dukani? Mvua ikikatika, madume hushuka kwa makundi kufyonza chumvichumvi katika tope la barabarani. Na asubuhi mapema, kabla jua halijawapasha moto, vipepeo huwa wazito na hukaribiwa kwa urahisi. Simu yenye kamera na subira kidogo vyatosha. Picha itatoka na tope, na pengine ubawa uliochanwa na ndege. Hiyo ndiyo tuitakayo ukutani, nyumbani na darasani.

Hapo mtoto atauliza jina, nasi tutaona aibu, maana kwa aina zote hizo tuna neno "kipepeo" tu. Na tumwulize bibi yake kijijini, kwa lugha yake, kabla hatujakimbilia Kilatini.