Kanga wa wakati wa mvua



Mvua imeanza kushika, na kama kila mwaka wauzaji wa kanga wamerudi kando ya barabara. Unawaona ukitoka Sakania kuelekea Mokambo: kijana amesimama na ndege wawili, miguu imefungwa kwa kamba ya gome, vichwa chini. Lori likipunguza mwendo, anawainua juu. Wengine wana mayai pia, kumi au kumi na mawili, ndani ya kofia.

Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja aliuliza hivi: "Babu zetu walikula kanga, sisi tumekula kanga, na kanga wangali porini. Kosa liko wapi?" Swali ni la haki, nami nilimwahidi jibu katika ukurasa huu. Kula kanga si kosa. Mimi mwenyewe nikipewa kanga wa mwezi wa saba, na bukari ya moto, sitakataa. Ninachouliza ni mwezi gani, amekamatwa kwa njia gani, na nani alilipa.

Tuanze na mwezi. Wakati wa kiangazi kanga hutembea makundi makundi. Wanachakura mashamba yaliyovunwa, wanakula mchwa, panzi na mbegu za magugu. Kundi likipoteza majogoo wawili watatu, linaendelea na maisha yake. Mvua ya kwanza ikianguka, kundi linavunjika. Wanajitenga dume na jike, na jike anachimba kishimo chini katika majani marefu, anataga mayai sita hadi kumi na mawili. Mara nyingine majike wawili hutaga katika kiota kimoja, ndipo mtu anaokota mayai ishirini na kudhani ni bahati. Kuatamia kunachukua siku 26 hadi 28. Siku hizo jike hang'oki kwa urahisi. Ukimkaribia ananyamaza na kujibana palepale. Ndiyo sababu hata mtoto wa miaka tisa anaweza kumpiga kwa fimbo, na kurudi nyumbani akijiita mwindaji. Vifaranga wakitoka, dume naye huwalea, maana umande na baridi huwaua upesi. Ukiondoa mzazi mmoja, waliobaki wana nafasi ndogo ya kuishi. Kwale naye ni hivyohivyo, anataga chini kwenye nyasi.

Kwa hiyo ukinunua kanga wawili mwezi wa kwanza, umenunua pamoja nao kundi la mwezi wa saba.

Mwaka uliopita mwanafunzi wangu wa darasa la sita alileta mayai ya kanga darasani, kwa furaha kubwa, ili wenzake wayaone. Yalikuwa kumi na moja. Niligeuza somo kuwa hesabu: tuseme sita yanaharibika au vifaranga vinaliwa na kicheche, wanabaki watano; kati ya hao majike wawili; mwaka unaofuata kila jike anataga kumi. Watoto walijaza ubao. Mtoto mwenye mayai alikaa kimya, kisha akauliza: "Madamu, tuyarudishe?" Lakini yalikuwa yamekwisha kupoa tangu jana yake.

Kuna sheria. Ile ya mawindo katika nchi yetu ni namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Inataka mwindaji awe na ruhusa, na serikali inaweza kufunga mawindo kwa wakati fulani wa mwaka. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ikaja kuongeza nguvu katika ulinzi wa viumbe wa porini. Mwenye kutaka kujua tarehe za kufunga na kufungua, na namna ya kuomba ruhusa, aende kuuliza kwenye ofisi ya mazingira ya teritware. Ni haki yake kujibiwa. Lakini tuseme ukweli wetu. Mlinzi wa ICCN hawezi kusimama nyuma ya kila mti toka hapa hadi Kasumbalesa. Anayesimama mbele ya mwindaji kila siku, na pesa mkononi, ni mnunuzi. Na mnunuzi mara nyingi ni sisi.

Wengine watasema kufunga pori ni desturi ya wageni. Hapana. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wabemba wa upande wa Mpika, vinkubala haviokotwi ovyo. Watu wanaangalia kwanza vimekua kiasi gani, na wanangoja wakubwa wa kijiji watangaze siku. Kabla ya siku hiyo ni mwiko, hata kama mti umejaa. Huko mbali kaskazini, Ufini, ambako kuna ndege wa msituni wa jamii moja na kanga na kwale, wawindaji wenyewe hujitolea kila mwaka, mwisho wa kiangazi chao, kutembea porini kwa mistari yenye umbo la pembetatu, kilometa 4 kila upande, wakihesabu ndege. Wameanza hivyo mwaka 1988. Hesabu ikiwa ndogo, siku za kuwinda zinapunguzwa. Nimependa jambo hilo, kwamba wenye bunduki ndio wanaohesabu. Je, nani kwetu amewahi kuhesabu kanga wa pori la makala, kabla miti haijaisha na baada?

Sasa njia. Wazee waliokuwa wakiwinda kwa ukoo wanajua mambo haya kuliko mimi, na ukikaa nao watakueleza. Mwindaji mwenye adabu anatazama mitego yake kila alfajiri, na akimaliza msimu anaing'oa yote. Akijeruhi ndege, anamtafuta mpaka ampate, hata jua likizama. Anajua kwamba kundi zima si lake peke yake.

Tochi ya usiku ndiyo imeharibu adabu hiyo kupita vyote. Kanga hulala juu ya mti, na kundi hupenda kurudi kwenye mti uleule. Mtu akiujua mti, akaja usiku na taa kali na manati, ndege hawaoni pa kukimbilia. Wanaanguka mmoja mmoja kama maembe. Asubuhi mti hauna kitu. Waya nao hauna macho. Tego lililotengenezwa kwa waya ya freni ya kinga linakamata jike, dume, kifaranga, sungura na mbuzi wa jirani, na likisahauliwa, nyama inaozea hapohapo bila kumfaa mtu. Moto wa mwishoni mwa kiangazi unachoma majani ambayo jike angejifichia. Sitakaa zaidi hapo kwa sababu habari ya moto tuliiandika mwezi wa tisa.

Jambo ninalotaka mlisome mara mbili ni sumu.

Magharibi ya Kenya, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, watafiti wa ndege walionyesha karibu na mwaka 2010 jinsi watu walivyokuwa wakikamata ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani, iliyojulikana sana kwa jina la Furadan. Waliitia katika konokono na mpunga, ndege wakala, wakaanguka, wakaokotwa na kuuzwa sokoni kuwa kitoweo. Familia zikala. Dawa hiyo ni kali kiasi kwamba chembe chache zinamwua ndege. Sisemi kwamba kanga wote wa barabara yetu ni hivyo. Nasema dawa za mashamba zinauzwa sokoni kwetu pia, zimefungwa katika vikaratasi visivyo na jina, na mkulima aliyechoka kuona kanga wakichimbua mahindi aliyopanda anaweza kuchanganya mbegu na dawa kwa hasira tu, bila nia ya kumwua mtu. Kisha kijana mwingine anaokota ndege aliyelala shambani, anaona ni riziki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa franka, geuza ndege. Uliza: jeraha liko wapi? Kanga wa bunduki au wa manati ana alama. Wa tego ana mchubuko shingoni au mguuni. Ndege asiye na alama yoyote, ambaye muuzaji anasema "nilimkuta tu", mwache, hata akipunguza bei mara tatu. Ndege aliyekwisha kunyonyolewa na kukatwa kichwa hawezi kukujibu swali hilo, basi usimnunue kwa mtu usiyemjua. Msitegemee moto wa jiko kuondoa sumu. Na mnajua firigisi tunampa nani: baba, au mgeni wa heshima. Ndege aliyekula chakula chenye sumu, sumu inaanzia kwenye gole na firigisi. Mtu akila nyama ya ndege kisha akaanza kutoka mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka, mboni za macho zikawa ndogo na pumzi ikawa nzito, msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mchukue kipande cha nyama iliyobaki ili daktari aone.

Bunduki nayo ina habari yake kwa mpishi. Neno risasi katika Kiswahili ni kitu kinachotoka bundukini, na ni jina la madini yenyewe. Punje za katriji mara nyingi ni za madini hayo, na pupu hujazwa chochote mwenye nayo alichopata. Madini ya risasi yanaumiza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo; Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Kabwe, Zambia, wanalijua hilo kwa uchungu: mgodi wao ulifungwa mwaka 1994 na watoto wanaozaliwa leo bado wanakutwa na risasi ndani ya damu. Ukipika ndege wa bunduki, kata na kutupa nyama yote inayozunguka tundu, pana kuliko unavyodhani, na sehemu hiyo usimpe mtoto wala mama mwenye mimba.

Najua mtakachoniambia. Miezi ambayo kanga analalia mayai, toka wa kumi na mbili hadi wa tatu, ndiyo miezi ambayo unga unapungua nyumbani. Mahindi mapya bado, ya zamani yamekwisha, watoto wanaomba kitoweo. Mjane anayeuza kanga wawili ili alipe masomo ya mtoto, mimi sitamwita mwizi. Lakini tazameni pori lenyewe linavyogawa. Mvua inapoleta njaa, inaleta pia vinkubala, kisha inaleta bowa, na vyote hivyo mwanamke anaviokota kwa mikono yake bila bunduki, anavikausha, anaviuza kwa madereva walewale. Ndege ni chakula cha kiangazi.

Kijana mmoja aliniambia barabarani: "Mama mwalimu, ukikataa wewe, dereva atachukua." Ni kweli, dereva alichukua. Mimi mmoja sikumzuia mtu. Ila kuna mama mwenzetu mwenye kibanda cha chakula mahali malori yanapolala, na yeye ana nguvu kuliko mimi, kuliko pengine na ofisi. Toka mvua ya kwanza hadi mahindi yakauke hapiki kanga. Wateja walinung'unika msimu wa kwanza. Akawawekea kuku na vinkubala, akawaambia kanga warudi kuwaulizia mwezi wa tano. Vijana waliokuwa wanamletea ndege sasa wanamletea bowa. Kama vibanda vitano vya mstari ule vingefanya hivyo, mti wa kulala kanga usingekuwa na mtu chini yake usiku.

Wengine mmeuliza habari za kufuga. Inawezekana, na kanga wa kufugwa wanapatikana Lubumbashi. Msianze na mayai ya porini, maana hapo mtakuwa mmerudia kosa lilelile kwa jina jingine. Nunueni mayai kwa mfugaji, myaweke chini ya kuku mtulivu anayetaka kuatamia, kumi na mawili hadi kumi na matano kwa kuku mkubwa. Kumbukeni kwamba kuku amezoea siku 21 na kanga anataka 26 hadi 28. Msikate tamaa, wala msiyatupe siku ya ishirini na mbili mkidhani yameoza. Majuma mawili ya kwanza msiwaruhusu vifaranga kutoka asubuhi kabla umande haujakauka. Na ndani ya sahani ya maji wekeni mawe madogo yajae, vifaranga wanywe katikati ya mawe, kwa sababu kifaranga cha kanga kinakufa maji hata katika sahani ya chai.