Boti ya Zenji: raha inaanzia kwenye tiketi



Kila wikiendi ndefu ikikaribia, washikaji hapa Upanga wanaanza: "Twende Zenji tukapumzike." Jumatatu wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Mmoja katapika njia nzima, mwingine kagombana na mchukuzi, wa tatu kalanguliwa tiketi. Sasa hayo ni mapumziko au adhabu?

Safari ya kama saa mbili kwa boti ziendazo kasi haihitaji utajiri, inahitaji akili kidogo tu.

Kwanza, muda. Kati ya Juni na Agosti kusi linavuma na bahari inachafuka. Kama ni lazima usafiri miezi hiyo, panda boti ya asubuhi, maana mara nyingi upepo huongezeka mchana. Ukiweza kusubiri, subiri Novemba, kusi likiwa limeisha na kaskazi halijashika kasi.

Pili, kiti. Wengi hukimbilia mbele kabisa au juu ili wapige picha. Huko ndiko boti inakoruka zaidi. Kaa katikati kuelekea nyuma, sehemu ya chini, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na simu iweke mfukoni. Asubuhi kula kitu kikavu na chai ya tangawizi. Supu na chipsi mayai ziache Kariakoo. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kuondoka, sio ukishashika mfuko.

Tatu, mzigo. Begi moja unaloweza kubeba mwenyewe. Ukimpa mchukuzi, elewaneni bei kabla hajaligusa. Ukishuka Malindi, mapapasi watakupokea kwa tabasamu. Na wewe tabasamu, sema "ahsante, napokelewa", endelea kutembea.

Nne, na hapa ndipo ninapotaka tubishane: tiketi. Nunua mapema, kwa jina lako, ukiwa na kitambulisho chako.

Mwaka mmoja nilichelewa kufika bandarini, nikanunua tiketi kwa kijana mmoja pale nje. Nikapanda bila kuisoma. Tumeshapita katikati ya safari ndipo nikaitazama: jina la mwanamke nisiyemjua. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Boti ile ingezama, mimi nisingekuwemo. Mama angeambiwa hakuna abiria wa jina hilo.

Hii sio hadithi ya kutishana. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na idadi ya waliokuwemo ikabaki kubishaniwa. Julai 18, 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar, ikazama karibu na Chumbe kwenye upepo mkali. Septemba 20, 2018 ikawa zamu ya Ziwa Victoria: MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kikapinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200.

Kila ajali tunalaumu serikali na wenye meli, na ni haki yao kulaumiwa. Kazi yao ni kuhesabu watu na kuzuia chombo kilichojaa. Lakini sisi tuliosoma tunafanya nini? Tunamwambia karani "tusaidie kaka, hata kusimama sawa tu". Tunanunua majina ya watu. Boti ikichelewa sababu ya hali ya hewa, tunapiga kelele kuliko wote, eti tuna mikutano.

Kwa hiyo ukipanda, fanya mambo mawili kabla ya kutafuta kiti cha dirishani. Angalia jaketi okozi liko wapi na mlango wa dharura uko upande gani. Ukiona watu wamekaa hadi kwenye ngazi na njia zimezibwa na mizigo, shuka. Nauli inauma, najua. Utakula embe Forodhani kesho.

Wikiendi njema, na tiketi isomeni.