Usiache Mbachao: Barua Pepe za Chama na Wajibu wa Anayeondoka

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha umechakaa, lakini ndio uliomo nyumbani. Msala unapendeza macho, lakini unapita pamoja na mwenyewe. Methali hii hufafanuliwa darasani kila mwaka, na ni nadra kuletwa mbele ya tarakilishi. Hata hivyo, vyama vya wanafunzi vinaihitaji hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hapo ndipo kumbukumbu zao zinapopotelea.

Na ichukuliwe hali ambayo yeyote aliyewahi kuongoza chama cha Kiswahili ataitambua. Chama kina tarakilishi moja kuukuu, iliyotolewa kwa hisani, na ndani yake mna programu ya barua pepe ya Outlook, toleo la 2002. Katibu ana kinakilishi chake mwenyewe chenye toleo la 2007. Kwa miaka miwili barua zote za chama hupitia kwake: mashairi ya wanachama yaliyokusudiwa jarida, majibu ya waandishi walioalikwa kongamanoni, mahojiano na malenga wa Pwani yaliyopigwa chapa usiku kabla umeme haujapotea. Siku ya kukabidhi ofisi inafika. Katibu ananakili faili ya barua kwenye diski, anampa mrithi wake, kisha anakwenda zake kwenye mazoezi ya ualimu. Mrithi anaiweka faili ile katika tarakilishi ya ofisi na kujaribu kuifungua. Programu inakataa. Faili ni nzima, jina lake linaishia kwa herufi PST kama zile nyingine zote, na hakuna aliyefuta chochote. Bado kumbukumbu za miaka miwili zimefungiwa nje ya nyumba ya chama chenyewe.

Kiini cha mkasa huu si uzembe wa mrithi. Tangu toleo la 97 hadi la 2002, Outlook ilihifadhi barua, anwani na kalenda katika faili za muundo uitwao ANSI. Faili ya aina hiyo haiwezi kuzidi gigabaiti 2, na hutegemea jedwali moja dogo la herufi kulingana na lugha iliyowekwa kwenye mashine. Toleo la 2003 lilileta muundo wa Yunikodi, unaoweza kubeba kwa pamoja hati za mataifa mengi ya dunia. Ukomo wake wa kawaida ulikuwa gigabaiti 20 katika matoleo ya 2003 na 2007, ukapanda hadi gigabaiti 50 katika toleo la 2010. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na ni chuki bure kuyabeza. Lakini miundo yote miwili ilipewa kiishio kimoja cha jina, hivyo kwa macho haitofautiani. Toleo jipya husoma faili za zamani bila taabu, ilhali toleo la zamani halisomi faili mpya. Mlango ulijengwa wa kuingilia, na wa kutokea haukukumbukwa.

Njia ya kurudi nyuma ipo, ingawa haijitangazi. Katika toleo la 2003 au la 2007, mtumiaji huunda faili mpya tupu na kuchagua ile aina iliyowekewa matoleo ya 97 hadi 2002. Kisha hunakili ndani yake folda moja baada ya nyingine. Kubadilisha jina la faili hakufui dafu, kwa sababu kinachotofautiana ni muundo wa ndani. Barua zikizidi gigabaiti 2, sharti zigawanywe katika faili kadhaa, mathalani kwa kufuata miaka. Na anayeifanya kazi hiyo anapaswa kunakili, wala asihamishe, mpaka ahakikishe kuwa idadi ya barua katika kila folda inalingana pande zote mbili.

Hiyo ni kazi ya alasiri moja. Lakini ina sharti moja linaloitoa katika ufundi na kuiingiza katika maadili: hufanyika katika mashine yenye toleo jipya tu. Mrithi aliyebaki na tarakilishi kuukuu hana la kufanya, hata akiwa hodari namna gani. Ufunguo uko mikononi mwa yule anayeondoka. Makala haya yanashikilia, kwa hiyo, kwamba wajibu wa kuzirudisha barua katika umbo linalosomeka na wanaobaki ni wa mwenye chombo kipya, wala si wa mwenye chombo cha zamani. Desturi iliyozoeleka ni kinyume chake. Mwenye mashine ya zamani huchekwa, huambiwa amepitwa na wakati, na hutakiwa akatafute fedha.

Upo pia upotevu ambao mwanafunzi wa fasihi hana budi kuutambua. Shairi lililoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi litavuka kutoka Yunikodi hadi ANSI salama salimini, kwa kuwa tahajia sanifu haina alama za ziada juu wala chini ya herufi. Lakini iwapo kichwa cha barua kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na jedwali la mashine ni la lugha za Ulaya Magharibi, herufi zile zinaweza kugeuka alama za kuuliza zilizopangwa mstari mmoja. Alama hizo hazirudi tena kuwa herufi. Anayechunguza miswada ya kale atakuwa ameandikiana barua na wenzake kuhusu utenzi fulani, na siku ya kuzifungua akute maswali matupu.

Jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha diwani yake ikachapishwa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940, chini ya uhariri wa William Hichens. Kuvuka huko kuliwafungulia wasomaji wengi mlango, lakini hakuna chombo kinachobeba kila kitu. Hati za Kiarabu, kwa kawaida yake, hazikuwa na alama za kutenga *e* na *i*, wala *o* na *u*. Tahajia ya Kirumi iliyosanifishwa nayo ina *t* moja tu, ilhali Kimvita kina *t* ya meno na *t* ya ufizi. Aidha, huandika kwa namna moja paa la nyumba na paa wa mwituni, ingawa msemaji wa Kimvita humtamka mnyama kwa mpumuo. Anayetaka kujua mshairi alitamka nini hulazimika kurudi kwenye mswada. Funzo ni kwamba nakala huwafaa wasomaji wa leo, na asili huwafaa wahakiki wa kesho. Hivyo basi, anayezishusha barua hadi muundo wa zamani asithubutu kuifuta faili ya Yunikodi iliyozizaa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba programu za zamani ni hatari, na hoja yao ina uzito. Msaada wa mtengenezaji kwa toleo la 2002 ulikoma mwaka 2011, na kwa toleo la 2003 mwaka 2014. Tangu hapo nyufa za usalama haziibwi, na ni busara tarakilishi ya namna hiyo isiunganishwe na mtandao. Lakini kusoma barua zilizokwisha kuhifadhiwa hakuhitaji mtandao. Wengine watasema dawa ni kununua mashine mpya. Chama kinachochangisha shilingi ili kuchapisha jarida lake hakiwezi kuambiwa kwamba kumbukumbu zake zitasubiri mfadhili. Na hata mashine mpya ikipatikana, nayo itakuwa kuukuu. Anayemcheka mwenye toleo la 2002 leo ndiye atakayechekwa kesho.

Wengine tena watadai kwamba suala limekwisha, kwa kuwa siku hizi barua hukaa katika seva za watoa huduma, na husomwa hata kwa simu ya mkononi. Hapo msala umebadilishwa rangi tu. Akaunti iliyofunguliwa kwa jina la katibu, kwa nambari ya simu ya katibu na kwa neno la siri analolijua katibu peke yake, huondoka na katibu. Mlango umehama kutoka muundo wa faili hadi neno la siri, na anayebaki nje ni yule yule.

Kinachohitajika ni desturi chache zisizogharimu fedha. Kwanza, makabidhiano ya ofisi yasihesabiwe kuwa yamekamilika mpaka anayepokea afungue barua katika mashine ya chama mbele ya anayeondoka, azisome, na kuzihesabu. Pili, faili asilia ihifadhiwe bila kuguswa kando ya nakala iliyoshushwa. Tatu, barua zenye thamani ya kudumu, hasa mashairi na mahojiano, zitolewe kwenye miundo ya kampuni moja na kuwekwa katika matini wazi, au katika muundo wa mbox ambao programu nyingi huria huweza kuusoma. Ni kweli kwamba Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo wa PST mwaka 2010, na ikatenda vyema. Lakini hiyo ilikuwa miaka 13 baada ya toleo la 97, na chama hakipaswi kungoja hisani ya namna hiyo kila mara.

Kongamano husahaulika, na viongozi huhitimu na kutawanyika. Kinachobaki ni barua: nani alikubali mwaliko, malenga alijibu nini, shairi la kwanza la mshairi chipukizi lilikuwaje kabla halijahaririwa. Hayo ndiyo malighafi ya historia ya fasihi itakayoandikwa baadaye. Anayeondoka na msala wake aende kwa heri, lakini kabla hajavuka kizingiti, arudi kwanza autandike mbacha, aone kama wanaobaki wana pa kukaa.