Usiing'oe AC Ambayo Hujaipima

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nina hasira, na hasira ikiwekwa sana huoza.

Jumamosi iliyopita niliitwa gereji na jamaa yangu nikaone kazi aliyofanyiwa gari lake. Ni Eunos Roadster ya 1992. Kwa wasiolijua, hilo ni lile gari dogo la Mazda la viti viwili, lenye paa la turubai, ambalo nje ya Japani linaitwa MX-5. Ni pacha wa langu, na yote mawili yana umri kutuzidi sisi wenyewe. Akafungua boneti kwa madaha. "Cheki nafasi hiyo yote!" Kompresa, kondensa na mabomba vilikuwa kwenye gunia pembeni.

Nikamuuliza, AC ilikuwa inaumwa nini?

"Ilikuwa haitoi baridi. Fundi akasema tuitoe tu, gari litakuwa jepesi."

Na gesi mliitoaje?

"Alilegeza nati. Ikalia pshhh, ikaisha."

Jamani. Mtu akija ofisini kwangu aseme programu ina hitilafu, nami nifute faili zote zinazohusika kisha nimwambie sasa inakimbia kasi, atanifukuza, na atakuwa na haki. Lakini kwenye magari ya zamani tabia hiyo imegeuzwa kuwa ushujaa. Kila kitu kisichoeleweka kinang'olewa, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo roho ya gari la spoti. Mimi nasema ni uvivu wa kutafuta kosa, basi.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wanaong'oa hawajui. AC ni mzunguko uliofungwa. Kompresa inayozungushwa na injini hubana gesi. Gesi hiyo ya moto hupita kwenye kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa maji. Maji hayo hupita kwenye chujio linalonyonya unyevu, halafu kwenye valvu ndogo inayopunguza presha ghafla, kisha huingia kwenye evapureta nyuma ya dashibodi. Hapo hugeuka gesi tena na kufyonza joto la ndani ya gari. Kisha safari inaanza upya.

Gesi hiyo pia ndiyo inayosafirisha mafuta ya kulainisha kompresa. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka swichi ya presha. Gesi ikipungua sana, swichi inakata umeme na kompresa haishiki. Mara nyingi, basi, "AC imekufa" maana yake ni kwamba AC imekataa kujiua. Ni ujumbe wa kosa, na sisi tunausoma kama cheti cha kifo.

Sasa twende kwa madai ya wang'oaji, moja baada ya jingine.

1. "AC inakula nguvu ya injini."

Ni kweli, ikiwa imewashwa. Kompresa ina klachi ya sumaku. Ukizima AC, klachi inaachia na kinachozunguka ni puli peke yake, ikielea kwenye beringi zake. Mzigo unaobaki ni mdogo kiasi kwamba hutausikia mguuni. Magari mengi yenye kompyuta ya injini hata huizima kompresa yenyewe kwa muda ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Yaani swichi ya kuondoa mzigo ipo tayari kwenye dashibodi, ina taa, na ni bure. Unamlipa mtu akuondolee kitu ambacho kidole kimoja kinakiondoa kwa sekunde moja?

Tena tuko Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukitaka nguvu zako zote, teremka pwani. Na ukifika pwani, utaitaka AC.

2. "Gari linakuwa jepesi."

Tukiwa wakarimu tuseme mtambo wote ni kilo 20. Roadster ya kwanza yenye injini ya 1.6 ina kilo 940 hivi. Hiyo ni asilimia 2. Tangi lake huchukua lita 45, na petroli lita 45 ni zaidi ya kilo 30. Yaani ukiendesha na theluthi moja ya tangi badala ya tangi zima, umeshapunguza uzito ule ule na hukushika spana. Jamaa yangu aliyejisifu kwa kilo 20 ana spika ya besi kubwa nyuma ya kiti. Sikumwambia kitu. Ameshasoma hapa.

3. "Ni gari la wazi, AC ya nini?"

Hili husemwa na watu wanaoliona gari kwenye picha. Njoo Mombasa Road saa saba mchana, paa limefunguliwa, umebanwa kati ya malori mawili na bomba la moshi liko usawa wa sikio lako. Utafunga paa mwenyewe. Ukishafunga, umekaa ndani ya sufuria.

Lakini joto si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni maji. Hewa inapopita kwenye evapureta baridi, unyevu wake huganda matone na kudondoka chini ya gari. Lile dimbwi dogo unaloliona ukiegesha ndilo hilo. Hewa inayotoka ni kavu, nayo ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo.

Mwaka jana mwezi wa Aprili, AC yangu ikiwa haifanyi kazi, nilikuwa natoka Naivasha jioni napandisha kuelekea Limuru. Mvua, baridi, na ukungu wa huko mnaujua. Kibanda cha Roadster ni kidogo. Pumzi za watu wawili zinatosha kukijaza. Kioo kikawa cheupe ndani. Nikawasha hita hadi mwisho, kikazidi, kwa sababu nguo zetu zilikuwa zimelowa. Dada yangu alikuwa kando yangu anapangusa kioo na leso, mimi natazama barabara kupitia kitundu cha ukubwa wa sahani, na taa za malori zinakuja mbele. Hatukuongea mpaka tulipofika tambarare. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia AC ni anasa, namuuliza kama amewahi kupanda ule mlima bila kuona.

4. "Kutengeneza ni ghali, kutoa ni bei rahisi."

Hapa sitawadanganya. Kompresa iliyovunjika ni pesa. Spea za gari la miaka 30 na kitu zinasumbua, na mara nyingine lazima uagize nje. Lakini kutoa nako kuna bili ambayo hukuonyeshwa. Kwenye Roadster, kompresa na pampu ya usukani hutumia mkanda mmoja. Toa kompresa, ule mkanda haufai tena, unahitaji mfupi. Evapureta nayo imekaa katikati ya feni ya ndani na hita. Itoe, unabaki na pengo, na upepo wote unaishia chini ya dashibodi usipotafuta kile kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa magari yaliyotoka kiwandani bila AC. Halafu kuna feni ya pili mbele, ile iliyokuja pamoja na AC. Mafundi huing'oa pamoja na vingine, wakati ingeweza kuunganishwa isaidie rejeta kwenye foleni. Siku ya kuuza gari ndipo mnunuzi atafungua boneti aone matundu na nyaya zinazoning'inia. Atakupunguzia bei, nawe hutakuwa na la kujibu.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wako pia wanaonikera vilevile: wanaojaza gesi kila baada ya miezi mitatu. Kujaza gesi bila kutafuta inapovujia ni kama kuwasha upya seva kila asubuhi kwa sababu kumbukumbu inajaa. Inafanya kazi, mpaka siku inapokataa. Na wale wanaojaza gesi ya kupikia kwa sababu "inapoza vizuri zaidi": ndugu zangu, inapoza, ndiyo. Pia inawaka. Evapureta iko ndani, mbele ya magoti ya abiria wako. Ikivuja hapo, umekaa na mtungi wa jiko kwenye kibanda kilichofungwa.

Halafu hiyo pshhh. Magari ya umri wa letu yalitoka kiwandani na R12, gesi inayokula tabaka la ozoni na yenye nguvu ya kuongeza joto duniani takriban mara 10,000 kuliko kaboni dioksaidi. Ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa, na kiwango cha mwisho kwa nchi kama yetu kikawa 2010. Iliyoichukulia nafasi kwenye magari ni R134a. Haili ozoni, lakini nayo hupasha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksaidi, na ndiyo maana mkutano wa Kigali wa 2016 ukaiweka kwenye orodha ya gesi za kupunguzwa. Sekretarieti inayosimamia mkataba huo wa ozoni iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. Jamaa yangu alifungulia gesi yake hewani umbali wa safari fupi ya matatu kutoka hapo. Mashine za kunyonya gesi na kuihifadhi zipo mjini. Tafuta fundi aliye nayo.

Langu nilitengenezaje? Fundi wa kwanza alisema kompresa imekufa, bila hata kuunganisha gaji. Wa pili alisema tuitoe. Nilikaribia kukubali, nakiri. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Kirinyaga Road, aliyenisikiliza huku akinywa chai.

"Mzee, nimeambiwa kompresa imeisha."

"Kijana, gari halili gesi. Ikipungua, imetoroka. Tutafute mlango."

Akajaza naitrojeni kwa presha, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likatoka sehemu mbili: kwenye sindano ya valvu ya kujazia, na kwenye kiungo cha kondensa. Kumbe gari lilikuwa limehamishwa kutoka R12 kwenda R134a miaka mingi iliyopita, na aliyefanya hivyo alibadilisha vichwa vya valvu tu. Ringi za mpira za ndani zilikuwa zile za zamani, ngumu kama ukucha. Ni kama kuhamisha mfumo kwenye seva mpya ukabadilisha jina tu mlangoni.

Tukafanya kazi iliyopaswa kufanywa tangu mwanzo. Ringi zote mpya za aina inayofaa R134a. Chujio jipya, kwa sababu la zamani limeshanywa unyevu wake. Mafuta ya ester, maana mafuta ya madini yaliyotumika na R12 hayachanganyiki na R134a. Pampu ya kuondoa hewa na unyevu kwa zaidi ya nusu saa, kisha tukasubiri kuona kama gaji itapanda. Haikupanda. Gesi tukaweka pungufu ya kiasi cha R12 kilichoandikwa kwenye kibandiko, kati ya asilimia 80 na 90, inavyoshauriwa kwa mfumo uliobadilishwa. Haipozi kama ya gari jipya, kwa sababu kondensa yake ilibuniwa kwa gesi nyingine. Lakini inapoza, na kioo kinabaki safi. Kompresa "iliyokufa" ni ile ile.

Je, kuna siku ya kuitoa? Ipo. Kama gari ni la mashindano tu, halibebi mtu barabarani, toa. Kama kompresa imesagika na kumwaga vipande vya chuma kwenye mzunguko mzima, na huna pesa ya kubadilisha karibu kila kitu, hapo pia naelewa. Lakini itoe kama mtu anayejua anaweza kurudi. Gesi inyonywe na mashine. Mabomba yazibwe siku hiyo hiyo, unyevu usiingie. Boliti kwenye mfuko wenye jina. Feni ibaki. Vitu vyote kwenye kasha nyumbani kwako, si gunia la gereji. Na kama pesa haipo mwezi huu, hatua bora ni kuacha mtambo ulivyo, umefungwa, umezimwa. Haukuombi chakula.

Jamaa yangu alinipigia jana usiku. Nilikuwa nimemtumia makala hii aisome kwanza, nisije nikamvunjia heshima. Akasema nimemchoma kwa ile spika. Halafu akauliza kama mzee wa Kirinyaga Road bado yupo, na kama vile vitu vya kwenye gunia vinaweza kurudi.

Nikamwambia twende Jumamosi, abebe gunia lote, na asiache hata boliti moja.

Wiki ijayo, hifadhidata. Kweli.