Ndama wa Mtoto, Ng'ombe wa Baba

Wakulima wengi katika skimu zetu humpa mtoto mnyama wake mwenyewe: sungura, kifaranga, au ndama aliyefiwa na mama. Hiyo ni desturi njema. Lakini siku ya mnada ikifika, baba humfungua yule mnyama alfajiri na kwenda naye bila kusema neno. Mtoto akirudi kutoka shuleni hukuta kamba tu.

Nasema wazi ya kuwa jambo hili si haki, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya ndama.

Mtoto mwenye mnyama hujifunza mambo yasiyofundishwa kwa maneno. Sungura hawezi kusema kwamba anaumwa. Ni lazima mtoto amtazame kila siku: je, amekula? Macho yake yako wazi? Kinyesi chake ni kikavu? Mtoto aliyezoea kuangalia hivyo atatambua upesi hata mdogo wake akishikwa na homa. Tena mvua ikinyesha Jumapili, majani ya sungura hayana budi kukatwa. Na mtoto mwenye huzuni huenda kukaa na mbwa nyuma ya ghala, akarudi moyo umetulia. Tusimcheke. (Mbwa huyo achanjwe kila mwaka, maana kichaa cha mbwa huua, na watoto ndio wanaoumwa zaidi.)

Vyama vya 4-K vilipoanzishwa mwaka 1962, shabaha yake ilikuwa vijana wajifunze ukulima kwa mikono yao. Serikali ilivifufua mwaka 2021. Lakini chama cha shuleni kitamfaa nini mtoto ambaye nyumbani hana hata kuku mmoja wa kumwita wake?

Najua wazee watasema karo inatakiwa, na mifugo ni mali ya nyumba nzima. Ni kweli. Ukilazimika kuuza, uza. Lakini kwanza mwite mtoto, umweleze shida iliyopo. Nenda naye mnadani asikie bei, na katika fedha hizo umnunulie hata kifaranga mmoja.

Mimi sikufanya hivyo. Niliuza kondoo wa binti yangu, aliyemlea kwa chupa tangu siku ya kuzaliwa. Hakulia. Lakini siku hizi nikimtuma kukata majani, huniuliza, "Ya mnyama wa nani, baba?" Nimemwahidi kondoo mwingine mara mbili, naye bado hajamtaka.