Mama aambiwe hasa la kuogopa

Kuanzia mwaka 2003 kila dawa ya estrojeni iliyouzwa Marekani ilibebeshwa onyo lilelile ndani ya kisanduku cheusi: magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya matiti, na baadaye hata maradhi ya kusahau uzeeni. Chanzo chake ni utafiti wa Women's Health Initiative, ambao sehemu yake moja ilisimamishwa mwaka 2002. Lakini wanawake wa sehemu hiyo, wenye wastani wa umri wa miaka 63, walikuwa wakimeza miligramu 0.625 za estrojeni kila siku pamoja na homoni ya pili. Kidonge kidogo cha kuweka ukeni kina mikrogramu 10 tu, na baada ya wiki mbili za mwanzo hutumika mara mbili kwa wiki. Hutuliza ukavu, muwasho na maumivu ya tendo la ndoa baada ya hedhi kukoma, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Zilipita zaidi ya miaka 20 kabla mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kutangaza Novemba 2025 kwamba inaliondoa onyo hilo.

Wapo watakaosema heri mama aogope kuliko adhurike. Sikubaliani nao, kwa sababu woga wa jumla haukingi mtu. Anayeogopa kiharusi huitupa dawa na kubaki na UTI zinazojirudia, wakati utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha krimu ya estrojeni ikizipunguza sana. Anayeendelea kuitumia naye hajui aangalie nini, na cha kuangalia kwanza ni damu. Hedhi ikishakoma mwaka mzima, hata tone moja ni la kupeleka hospitali, kwani laweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba. Dawa isianzwe kabla chanzo cha damu hiyo hakijajulikana. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aanze na vilainishi visivyo na homoni, kisha aamue pamoja na daktari wake wa saratani. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2022 uliona saratani ikirudi zaidi kwa waliotumia estrojeni ya ukeni huku wakimeza dawa za kuzuia mwili kuitengeneza.

Wengine wataniuliza: kama ni kidogo hivyo, tahadhari ya nini? Ni kweli, wanawake wa utafiti wa Women's Health Initiative waliofuatiliwa wakitumia dawa ya ukeni hawakuonekana kuwa na hatari zaidi, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018. Ila krimu si kidonge. Kipimo chake kimo mkononi mwa anayeikamua. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliamua krimu kali, yenye mikrogramu 100 kwa gramu, isitumike zaidi ya wiki 4, tena mara moja tu, kwa kuwa estrojeni yake huingia kwenye damu. Kwa hiyo bomba la kuingizia dawa lijazwe hadi mstari ulioandikwa, kisha lioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Krimu isipakwe kama kilainishi kabla ya tendo: mume naye huipata, na baadhi ya krimu hizo hudhoofisha kondomu za mpira.

Hayo yote hayahitaji kisanduku cheusi. Mfamasia anaweza kuuliza kabla hajapokea hela: mama, umewahi kuugua saratani ya matiti? Umetokwa na damu tangu hedhi ikome?