Nani Kawaambia Solo Ni ya Saksofoni?

Ndugu zangu wa kalamu, naomba nafasi nigombane na watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni yule anayesema solo ya orkestra isiguswe: kama fidla hamna, basi wimbo uacheni. Wa pili ni yule anayeigusa solo hiyo bila kuisikiliza, akaisukumia saksofoni ya alto au klarineti ya kwanza, akafunga daftari akaenda zake kunywa chai. Wa kwanza ananichosha tu. Wa pili ndiye anayenikasirisha, maana huyu yumo ndani ya nyumba.

Kwa wasioijua habari hii, niwapashe kidogo. Bendi ya kupuliza, hii mnayoiona kwenye gwaride, haina fidla wala selo. Ina filimbi, klarineti, saksofoni, tarumbeta, honi, tromboni, yufoniamu, tuba na ngoma zake. Ikitaka kupiga kazi iliyotungwa kwa orkestra, lazima mtu akae na kalamu aamue: maneno aliyosema fidla, sasa atayasema nani? Mtu huyo ndiye mpangaji. Kazi yake ni ya mfasiri kabisa, na ndiyo sababu nimeileta kwenye jarida la waandishi badala ya kuwapelekea wanamuziki, ambao wengi wao hawasomi. (Mnisamehe, lakini nawajua.)

Nianze na bwana Usiguse. Huyu ukimtajia Ravel anavua kofia. Haya, tumtazame Ravel. Mwaka 1874 Mussorgsky aliandika picha zake za maonyesho kwa ajili ya piano peke yake, vidole kumi basi. Akafa mwaka 1881. Mwaka 1922 Ravel akazichukua akazigawa kwa orkestra nzima: wimbo wa ngome ya kale akampa saksofoni, na mkokoteni wa ng'ombe akaubebesha tuba, tena juu sana, hata wapigaji wengi hapo huliweka kando tuba kubwa wakashika chombo kidogo zaidi. Marehemu hakuulizwa. Dunia ikapiga makofi na haijaacha. Sasa kwani Ravel alipewa leseni na nani, ambayo bendimasta wa mtaani kwetu hawezi kuipata? Na Rimsky-Korsakov je? Kuanzia mwaka 1873 hadi 1884 alikuwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini la Urusi, na yeye mwenyewe alizipangia bendi hizo kazi za watunzi wengine. Kwa hiyo hoja ya kwamba solo ni mali ya chombo chake cha kwanza, kama shamba lenye hati, ilishakufa zamani. Tuiache ilale.

Sasa tuje kwa ndugu yangu wa saksofoni.

Huyu swali lake ni moja tu: sauti za solo hii zinaanzia wapi na kuishia wapi, na chombo gani kinazifikia bila taabu? Akishapata jibu, kazi imekwisha. Ati huo ndio upangaji! Huo ni ukarani, bwana. Chukua ule mwanzo wa Stravinsky, kazi iliyozua fujo Paris mwaka 1913. Inaanza na fagoti peke yake. Fagoti kwa asili ni chombo cha chini, sauti ya babu. Stravinsky akampandisha babu juu kabisa ya mti, mahali ambapo koo linabana na sauti inatoka kama ya mtu asiyejulikana ni mzee au mtoto. Ile taabu ndiyo ujumbe wenyewe. Sasa mpe saksofoni ya alto. Sauti zote zilezile atazipata, tena ameegemea kiti. Umebaki na nini? Nota ni sahihi na maana imetoroka. Mimi kama sina fagoti nampa yufoniamu. Huko juu atatoka jasho, atatetemeka, huenda siku nyingine atakosea. Ndivyo hasa inavyotakiwa!

Kosa la pili la ndugu yangu ni kubwa kuliko hilo, na sijaona likisemwa vya kutosha. Katika orkestra solo ya kupuliza inasikika hata ikipigwa polepole, kwa sababu chini yake wako watu wa nyuzi, kabila lingine kabisa. Dvořák katika simfonia yake ya 9 ya mwaka 1893 aliweka ule wimbo wa polepole kwa honi ya Kiingereza (ambayo si honi, wala haikutoka Uingereza, ni dada mkubwa wa obo, na obo ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani, maana wote hulia kwa ulimi wa matete mawili). Chini yake fidla zimezibwa midomo, zinatanda kama ukungu, na sauti moja inapita katikati kama mtu anayerudi kwao. Kwenye bendi ukungu ule unaandikiwa nani? Klarineti. Halafu wimbo nao unapewa nani? Klarineti ya kwanza! Yaani mtu mweupe amevaa kanzu nyeupe amesimama mbele ya ukuta mweupe, halafu unamlaumu mpigaji kwamba hasikiki. Ukihamisha solo lazima uhamishe na kivuli chake. Wimbo ukienda kwa klarineti, basi ukungu uende kwa tromboni zilizozibwa na honi mbili za chini. Ukungu ukibaki kwa klarineti, wimbo uende upande wa shaba.

Na hizi karatasi za kununua nazo! Utakuta solo ya obo imechapishwa kwa nota ndogondogo kwenye karatasi ya filimbi, ya klarineti, pengine na ya tarumbeta ile iliyozibwa, ili asiyekuwepo awakilishwe na yeyote aliyepo. Nawaelewa wachapishaji, wanataka kila shule inunue. Lakini nota ndogo ni tairi la akiba, linakufikisha gereji. Wapo wanaozunguka nchi nzima na tairi la akiba.

Katika bendi niliyopigia klarineti hapa mjini tulikuwa na kijana wa yufoniamu. Miaka mitatu kazi yake ilikuwa kuwabebea watu wengine mizigo: pum, pum, pum, huku tarumbeta ya kwanza inakula sifa zote. Tulipopata ule wimbo wa Dvořák, tarumbeta ya kwanza akaudai kana kwamba ni mahari yake. Nikapanga mwenyewe, nikampa yule wa yufoniamu. Siku ya kwanza alipuliza mistari minne hivi na chumba kizima kikanyamaza, hata wapiga ngoma, na mnawajua wapiga ngoma. Tukaenda kwenye tamasha moja la mashindano. Mwamuzi akaandika: "Chombo hiki si alichokusudia mtunzi." Basi. Hakuandika kama ilisikika vibaya. Hakuandika kama pumzi ilikuwa fupi. Tangu siku ile tarumbeta ya kwanza akarudishiwa wimbo, akawa anaupiga kama anatangaza mnada, na yule kijana akarudi kwenye pum pum. Mwaka uliofuata hakuja tena mazoezini.

Hapo ndipo ninapowataka nyie waandishi. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu yule mfanyabiashara wa Venisi, kitabu kilichotoka mwaka 1969, hakuandika "mfanyabiashara" kwenye jalada. Aliandika Mabepari wa Venisi. Alihamisha solo! Neno la karani lilikuwepo mezani, linafika sauti zote, halina taabu yoyote. Akalipita. Mwingine aweza kusema alikosea, na hilo tubishane. Ila hakuna awezaye kusema hakusikiliza. Mwamuzi wetu angempa sifuri.

Mkitaka kunijibu, nijibuni kwa kazi. Mimi sasa nimeshika ile ya Rossini ya mwaka 1829, ya William Tell. Watu wanaijua kwa mbio za farasi za mwishoni, lakini inaanza na selo tano, kila moja na mstari wake. Karatasi ya dukani niliyo nayo imezimwaga zote kwa klarineti na saksofoni, kama kawaida. Nimezifuta. Ya kwanza nimempa yufoniamu, mbili zimekwenda kwa honi, ya nne kwa klarineti besi. Ya tano nimemwandikia mpiga tromboni besi, mzee mmoja ambaye tangu nimfahamu hakuna aliyewahi kumwomba apige kitu taratibu. Ameichukua karatasi, ameitazama muda mrefu, ameniuliza kama nina uhakika ni yake.